Glavu haziwezi kuchukua nafasi ya maji na sabuni wodini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikera kwa miaka 26 niliyofanya kazi ya uuguzi hapa Nairobi, na ambalo linamhusu kila mwenye mgonjwa katika hospitali za jiji hili. Watu wengi wanaamini kwamba muuguzi aliyevaa glavu ni msafi na asiyevaa ni mchafu. Imani hiyo si ya kweli, na inawadhuru wagonjwa wale wale ambao jamaa zao wanataka kuwalinda.

Mwezi uliopita, saa ya kutazama wagonjwa, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa wodi ya wazazi ninayoisimamia. Msichana mmoja aliyejifungua kwa upasuaji siku iliyotangulia alikuwa amelala, na mamake ameketi kando ya kitanda akimbembeleza mjukuu. Muuguzi wa zamu, binti ambaye hajatimiza miaka miwili kazini, alikaribia, akatoa mfukoni chupa ndogo ya kitakasa mikono aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe, akajipaka viganjani, katikati ya vidole na kwenye vidole gumba mpaka mikono ikakauka, kisha akaanza kupima presha. Yule mama akamkatiza: "Sista, mbona unamshika mtoto wangu mikono mitupu? Glavu tulinunua pakiti nzima, zimo humo kwenye kabati." Binti wa watu akaona haya. Akachomoa glavu mbili, akazivaa, akamaliza kupima presha na joto, akaandika kwenye faili, akavuta pazia, na kwa kuwa mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimngoja, akaenda huko na glavu zile zile mikononi. Mama akatulia, akaniangalia kama anayesema kwamba sasa mambo yamekaa sawa.

Nilipomwita yule muuguzi kando hakujitetea sana. "Matroni, wakiona glavu wananyamaza," aliniambia.

Mikono aliyokuwa ameisafisha mbele ya macho yetu ilikuwa salama kwa mgonjwa. Glavu zilizokwisha kugusa ngozi ya mmoja, faili linalopita mikononi mwa kila mtu, na pazia ambalo sikumbuki lilifuliwa lini, hazikuwa salama kwa mgonjwa aliyefuata. Tulikuwa tumeacha usafi wa kweli tukashika unaoonekana, na aliyetusukuma kufanya hivyo ni mama mwenye mapenzi mema aliyetumia pesa zake za nauli kununua pakiti ile kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara.

Glavu zina kazi maalumu. Huvaliwa pale mkono unapotarajiwa kugusa damu, mkojo, choo, usaha au kidonda: tunapompokea mtoto anayezaliwa, tunapotoa damu, tunapomwekea mgonjwa mpira wa mkojo, tunapombadilisha nepi mgonjwa asiyejiweza. Kupima presha au joto, au kumgeuza mgonjwa ambaye ngozi yake haina jeraha, hakuhitaji glavu, isipokuwa kama ana ugonjwa unaotulazimu kumtenga. Na hata pale zinapohitajika, mikono husafishwa kabla ya kuzivaa na mara tu zinapovuliwa, kwa sababu glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na kwa sababu uchafu wa nje huhamia kwenye viganja wakati wa kuzivua. Jozi moja ni ya mgonjwa mmoja, na mara nyingine ni ya kazi moja tu kwa mgonjwa huyo huyo, maana aliyemsafisha mtu choo hawezi kwenda na glavu hizo kufungua kidonda chake cha upasuaji.

Inafaa wasomaji wajue jinsi glavu zilivyoingia hospitalini, kwa sababu historia hiyo inaonyesha zilikusudiwa kumlinda nani. Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, daktari mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, aliiomba kampuni ya mpira imtengenezee glavu nyembamba kwa ajili ya Caroline Hampton, muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, ambaye mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Zililetwa kulinda ngozi ya muuguzi. Faida yake kwa mgonjwa ilitambuliwa baadaye.

Kunawa mikono kulitangulia kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa akifanya kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, kwenye wodi ya kujifungulia ambako wazazi walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko katika wodi ya jirani iliyohudumiwa na wakunga. Aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wajawazito, jambo ambalo wakunga hawakulifanya. Alipoagiza kila mmoja anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi, vifo, ambavyo Aprili mwaka huo vilikuwa takriban 18 kwa kila wazazi 100, vilishuka hadi karibu 2 kufikia Juni. Hapakuwa na glavu, wala dawa yoyote ya kuua bakteria mwilini. Palikuwa na beseni, maji yenye dawa, na amri iliyofuatwa. Mimi hulisimulia tukio hilo kwa kila kundi la wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa wodini kwangu, na huwaambia watazame sinki letu kabla hawajaanza kuwacheka madaktari wa Vienna.

Leo Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano ambazo mhudumu anapaswa kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama vile kumtundikia dripu au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Wakati wa mwisho ndio tunaousahau zaidi. Muuguzi akipita akarekebisha mpira wa dripu, akainua chuma cha kitanda, akasogeza kikombe cha uji, anahisi hakufanya chochote, ilhali vijidudu vya mgonjwa hukaa kwenye chuma hicho kwa saa nyingi, na baadhi yake kwa siku.

Ripoti ya shirika hilo hilo ya mwaka 2022 ilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini, na kwamba kwa wastani mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Hawa ni watu waliokuja kwa mguu uliovunjika au kwa uchungu wa uzazi, wakapata ndani ya wodi ugonjwa ambao hawakutoka nao nyumbani. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba sehemu kubwa ya maambukizi hayo, hadi asilimia 70, inaweza kuzuiwa kwa usafi wa mikono pamoja na hatua nyingine za gharama nafuu.

Sasa nataka niseme kwa nini muuguzi anayejua haya yote bado hanawi. Nimewasikia wakubwa wakisema tatizo ni mazoea mabaya, na kila mara dawa yao huwa ni semina nyingine na bango jingine ukutani. Tupige hesabu. Katika zamu ya usiku ya saa 12 si ajabu muuguzi mmoja kuachiwa wazazi 30 na watoto wao 30. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Akimgusa kila mmoja wao mara moja tu na kunawa mara moja kwa kila mtu, hiyo ni karibu saa nzima mbele ya bomba. Akiwagusa mara tatu, kama kazi inavyodai, ni saa tatu, na sijahesabu hatua za kwenda kwenye sinki la pekee lililo mwisho wa wodi na kurudi, wala sijamtaja mzazi anayevuja damu ambaye hawezi kungojeshwa hata sekunde kumi. Hakuna semina inayoweza kumwongezea binadamu saa tatu katika usiku mmoja.

Ndiyo maana dawa ya kupaka yenye spiriti, iliyowekwa pale pale kitandani, ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Hutumia sekunde 20 hadi 30, haihitaji bomba wala taulo, na muuguzi huisugua mikononi akiwa anazungumza na mgonjwa. Katika hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, nchini Uswisi, daktari Didier Pittet na wenzake walisambaza chupa hizo vitandani na kuwahimiza wahudumu wazitumie, na katika miaka ya 1994 hadi 1997 kiwango cha kusafisha mikono pale ilipopasa kilipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, huku wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakipungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Tazama kwamba hata Geneva, penye maji saa zote, kilichosaidia ni kumsogezea mhudumu dawa mahali alipo.

Dawa hiyo si lazima iagizwe ng'ambo. Shirika la Afya Duniani limetoa wazi kipimo chake: ethanoli, ambayo ndiyo spiriti yenyewe, asilimia 80, pamoja na kiasi kidogo cha gliserini ya kulinda ngozi na haidrojeni peroksidi ya kuua mbegu za vijidudu zinazoweza kuwemo ndani ya chupa. Mfamasia wa hospitali yoyote ya kaunti anaweza kusimamia utengenezaji wake, na ethanoli inatengenezwa hapa hapa Kenya kutokana na molasi ya miwa. Lililobaki ni mtu mwenye kalamu ya bajeti kuamua.

Hata hivyo spiriti haiondoi haja ya maji. Mikono yenye damu au uchafu unaoonekana lazima inawiwe kwa sabuni, na kuna vijidudu vya kuhara ambavyo mbegu zake ngumu haziuliwi na spiriti kabisa. Hapo ndipo tunaporudi kwenye bomba, na kila mkazi wa Nairobi anajua habari za bomba. Jiji hili linategemea mno bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na mgao wa maji tumeuzoea mitaani kiasi kwamba tunauona wa kawaida. Wodini si wa kawaida. Sinki letu lina bomba zuri la kufunguliwa kwa kiwiko, lililowekwa ili mkono uliosafishwa usiguse tena chuma; siku nyingi chini yake umekaa mtungi wa lita 20, na kikombe cha plastiki kimefungwa kwa kamba ya bandeji kwenye mpini wa mtungi. Kila anayenawa hushika kikombe hicho kabla na baada ya kunawa. Nimeshawahi kumwona daktari bingwa akiinama kuchota maji kwa kikombe hicho huku mwanafunzi akimshikia miwani.

Niruhusu nieleze kisa kimoja, bila kuitaja hospitali, kwa sababu nilikuwapo na sijakisahau. Miaka kadhaa iliyopita, katika kitengo cha watoto wachanga, watoto watatu waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia walishikwa na homa ndani ya siku mbili. Damu ilipopelekwa maabara, wote watatu walikutwa na bakteria ya Klebsiella, tena ile iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa tulizokuwa nazo kwenye kabati. Wazazi walitumwa mjini kununua dawa nyingine ambayo bei yake iliwafanya baba wawili wakae kwenye ngazi kwanza kabla ya kuondoka. Watoto wawili walipona. Mmoja, msichana wa gramu 1,300, alifariki alfajiri ya siku ya tano.

Tulianza kupekua kitengo chote: viangulio, mipira ya kulishia, vikombe vya maziwa. Mwisho tukaiangalia chupa ya sabuni ya maji iliyokuwa juu ya sinki. Ilikuwa chupa ya zamani ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko, na kwa miezi mingi, kila sabuni ilipokaribia kwisha, mtu aliongeza nyingine juu yake, akatia na maji kidogo ili ifike mwisho wa wiki. Haikuwahi kumwagwa, kuoshwa na kukaushwa. Sabuni iliyozimuliwa na kujazwa juu kwa juu namna hiyo inaweza kuwa makao ya bakteria wale wale tunaodhani tunawaosha. Sikuweza kuthibitisha kwamba maradhi yalitoka humo, kwa kuwa chupa ilitupwa kabla haijapimwa. Ninachojua ni kwamba sote tulikuwa tukinawa kutoka chupa hiyo, tukivaa glavu juu ya mikono hiyo, na tulikuwa na glavu za kutosha, maana kila mzazi alikuwa ameagizwa aje na pakiti.

Hilo la kuagizwa pakiti ndilo linaloniuma. Orodha anayopewa mjamzito kliniki ina pamba, nguo za mtoto, nyembe na glavu. Kwa miaka mingi tumewazoesha wananchi kwamba usalama wao ni kitu cha kubebwa kwenye mfuko kutoka nyumbani, na kwa kuwa maji na sinki havibebeki, vimekosa mwenyewe. Mwaka 2020, corona ilipoingia nchini, tuliona tangi la maji na sabuni katika kila steji ya matatu, kwenye milango ya benki, hata kwa muuza mboga. Pesa zilipatikana na kazi ilifanyika kwa wiki chache. Matangi mengi sasa yamekauka au yamegeuzwa viti vya wapiga debe. Sioni kwa nini yale yaliyowezekana kwenye steji yashindikane kwenye wodi.

Sisi wauguzi nasi tuna makosa yetu. Wapo wanaovaa glavu moja asubuhi nzima kwa sababu inawapa utulivu wa moyo. Wapo wenye kucha za kubandika na pete zinazoficha uchafu. Na wapo, nikiwemo mimi nilipokuwa mgeni kazini, tuliowahi kupitisha jozi moja vitandani kwa kuogopa kulaumiwa na jamaa za wagonjwa. Hayo tuyaseme wenyewe kwa wenyewe kwenye makabidhiano ya zamu, bila kungoja mkaguzi.

Kwa jamaa za wagonjwa, ombi langu ni dogo. Msituulize kama tumevaa glavu. Tuulizeni kama tumesafisha mikono. Ulizeni kwa adabu na msione haya, kwa kuwa hakuna muuguzi anayejua kazi yake atakayeudhika. Nanyi mjipake dawa au mnawe mnapoingia na mnapotoka, na msiketi juu ya vitanda. Yule mama niliyemtaja nilikwenda kuketi naye jioni ile nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kumbe binti wa watu alikuwa sawa?" Nikamjibu kwamba alikuwa sawa kabisa mpaka tulipomkosesha.

Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi na kamati ya afya ya Bunge la Kaunti, ombi langu ni zito zaidi. Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi katika vituo vya afya mwaka 2010, kwa hiyo hatuhitaji kitabu kingine. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya za kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu hicho hicho haki ya maji safi na salama ya kutosha; aliyelazwa wodini anazidai zote mbili kwa wakati mmoja. Mnapozuru hospitali zetu, anzeni kwa kufungua bomba la wodi, si la ofisi ya msimamizi. Hesabuni chupa za kitakasa mikono zilizo kando ya vitanda, na muulize sabuni hununuliwa kwa fungu gani la bajeti na nani hutia saini. Hakikisheni kila wodi ina tangi lake la akiba lenye bomba, ili kikombe na mtungi viondoke.

Na kwa kuwa kila mwaka tarehe 5 Mei huadhimishwa siku ya usafi wa mikono kwa hotuba na fulana, naomba afisa anayehusika ajibu kupitia ukurasa huu huu kabla ya siku hiyo: katika mwaka wa fedha uliopita, kila hospitali ya kaunti ilinunuliwa lita ngapi za sabuni na lita ngapi za kitakasa mikono, na ni siku ngapi wodi zake za wazazi na za watoto wachanga zilikaa bila maji ya bomba? Daftari za zamu zinazo habari hizo. Langu nimeliandika kila siku tangu Januari, na niko tayari kulitoa.

Muuguzi msimamizi wa wodi,
Eastlands, Nairobi
(Jina na anwani anavyo mhariri)